Sufuria hulindwa na ngozi yake: kutu, vishimo na nyufa katika vyombo vya kupikia

Kwa jicho la kemia, sufuria ya alumini ndiyo ingepaswa kuoza kwanza. Alumini ina uchu wa oksijeni kuliko chuma. Unga wake ukichanganywa na oksidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na oksijeni, na kuwashwa, huipokonya oksijeni yake kwa joto linalotosha kuyeyusha chuma kinachobaki, na mafundi wa reli wamekuwa wakiunganisha vyuma vya njia kwa moto huohuo kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini acha sufuria ya alumini na kikaango cha chuma vikae na maji usiku kucha. Asubuhi alumini iko vilevile, na kikaango kimeshika rangi ya udongo mwekundu.

Yenye uchu mkubwa imesalimika, chenye uchu mdogo kimeliwa. Ukishakielewa kitendawili hiki umeelewa nusu ya yote yanayozipata sufuria, birika, visu na vikaango. Nusu ya pili ni nyufa, na nyufa zina sababu zake. Wengi wetu huyatia yote katika kapu moja na kusema "sufuria imechoka", halafu tunakosea tiba: tunasugua kisichotaka kusuguliwa, tunatupa kizima, tunaendelea kupikia kilicho hatari. Inafaa kuyatenganisha.

Ngozi isiyoonekana

Uso mpya wa alumini ukikutana na hewa tu, hufunikwa na utando wa oksidi. Unene wake ni nanomita 2 hadi 5, na nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Ukiikwaruza kwa uma, mkwaruzo hujifunika kabla hujauinua uma. Kuanzia hapo, kinachogusana na maji na chakula ni utando huo, na metali yenyewe iko nyuma yake.

Chuma nacho huungana na oksijeni, ila matokeo ni mengine. Mwaka 1923 watafiti N. B. Pilling na R. E. Bedworth walitoa hesabu rahisi inayosaidia sana hapa: linganisha nafasi inayochukuliwa na oksidi na nafasi iliyokuwa ya metali iliyoitengeneza. Kwa alumini uwiano huo ni takriban 1.28, kwa hiyo oksidi inaufunika uso wote na kubana vizuri. Kutu ya chuma imebeba maji ndani yake na huchukua zaidi ya mara mbili ya nafasi ya chuma kilicholiwa. Haina pa kukaa, basi inavimba, inabanduka magamba, na chini ya kila gamba kuna chuma kipya kinachongoja zamu yake.

Wazo la ngozi ya namna hii ni la zamani. Mwaka 1836 mwanakemia Christian Friedrich Schönbein alimwandikia mwanasayansi mwenzake Michael Faraday kuhusu ajabu ya chuma kilichotiwa katika asidi kali ya nitriki na kutodhurika, ilhali asidi hiyohiyo ikizimuliwa hukishambulia kwa fujo. Faraday alieleza kwamba uso wa chuma lazima umeungana na oksijeni kwa namna inayoukinga. Hakuwa na chombo cha kuuona utando mwembamba kiasi hicho, lakini fikra yake ndiyo msingi wa karibu kila sufuria inayong'aa leo.

Kutu inahitaji nini

Kutu ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya uso wa chuma huachia elektroni na kuyeyuka kidogokidogo. Sehemu nyingine, mara nyingi milimita chache tu kando, oksijeni iliyomo katika maji huzipokea elektroni hizo. Elektroni husafiri ndani ya chuma, na maji hufunga mzunguko kwa nje. Ondoa maji, mzunguko unakatika. Ongeza chumvi katika maji, mzunguko unapata njia pana, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu.

Ndiyo sababu kukausha kikaango cha chuma kwa kitambaa hakutoshi. Unyevu hubaki katika vitundu vidogo vya uso wake. Kirudishe motoni dakika chache hadi maji yote yatoke, kisha kipake mafuta kidogo, kidogo kabisa, na uyafute kana kwamba ulipaka kwa makosa. Mafuta ya kupikia yakipata joto kali mbele ya oksijeni hushikana na kuwa utando mgumu mweusi. Hapo mpishi amekipa chuma ngozi ambayo hakikujaliwa. Mafuta mengi huacha unato tu, kwa hiyo tabaka nyembamba zilizorudiwarudiwa ndizo zinazodumu.

Ngozi hii ina adui anayejulikana: asidi pamoja na muda. Nyanya zinazochemka kwa saa nzima, siki, limau, vyote huila na kufika kwenye chuma, na chakula hupata ladha ya metali. Hakuna sumu ya kutisha hapo. Kutu kidogo ya chuma si sumu kwa mtu mzima mwenye afya, ingawa mwenye ugonjwa wa kulimbikiza madini ya chuma mwilini ana sababu ya kujihadhari. Kikaango cha chuma chenye kutu ya juujuu kinasuguliwa, kinakaushwa, kinapakwa mafuta na kurudi kazini. Kukitupa ni hasara tupu.

Chuma kisichoshika kutu, na jinsi kinavyoshika

Jina lake limewadanganya wengi. Mwaka 1913, mjini Sheffield nchini Uingereza, mtaalamu wa metali Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisichochakaa upesi, akasubu chuma chenye takriban asilimia 12.8 ya kromi. Alitambua thamani ya chuma hicho mezani na jikoni, kwa kuwa siki na limau havikukidhuru. Leo chuma huhesabiwa kuwa stenlesi kikiwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi ndiyo inayojenga utando: nanomita 1 hadi 3 za oksidi iliyojaa kromi, inayojiponya ikikwaruzwa mradi oksijeni ipo. Namba 18/10 unazoziona chini ya sufuria zina maana ya asilimia 18 ya kromi na 10 ya nikeli. 18/0 haina nikeli, huvutwa na sumaku, bei yake huwa nafuu, na ustahimilivu wake ni mdogo kidogo.

Utando huu una udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kloridi, ile nusu ya chumvi ya mezani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo sufuria nzuri nyingi huharibiwa na watu waangalifu.

Unatia maji baridi katika sufuria mpya ya stenlesi, unatupia chumvi, unawasha moto. Punje za chumvi huzama na kutulia chini. Kila punje inayeyuka polepole na kuzungukwa na maji ya chumvi kali kupita chumvi yote utakayoipata maji yakishachanganyika. Kloridi hupenya mahali ambapo utando ni dhaifu, na metali huanza kuyeyuka katika kitone kimoja. Chembe za metali zilizoyeyuka huungana na maji na kuzalisha asidi. Chembe hizo zina chaji chanya, kwa hiyo huvuta kloridi zaidi iingie ndani ili kusawazisha. Asidi inapanda, kloridi inapanda, oksijeni ya kuuponya utando haifiki. Kishimo sasa kinajichimba chenyewe, huku sufuria nzima pembeni yake ikiwa inang'aa kama siku iliponunuliwa. Kinachoonekana ni alama nyeupe au nyeusi kama tundu la sindano, na kusugua hakukiondoi, kwa kuwa hakuna uchafu uliobandikwa pale: kuna metali iliyopungua.

Kinga yake ni rahisi. Ngoja maji yachemke ndipo utie chumvi, kisha koroga. Maji yanayochemka huyeyusha punje upesi na kuzisambaza. Usilaze chakula chenye chumvi nyingi ndani ya stenlesi usiku mzima. Na usiloweke kabisa stenlesi katika dawa ya klorini ya kung'arishia nguo; vishimo vinavyotokea humo huwa vingi na vya kina kuliko vinavyoletwa na chumvi ya kupikia.

Kishimo kimoja au viwili vya juujuu haviifanyi sufuria kuwa hatari. Vinaifanya iwe ngumu kusafisha, na ni mahali pa kuangalia baadaye. Kuna chuma cha stenlesi kilichoongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, kijulikanacho kwa namba 316, ambacho hustahimili kloridi vizuri zaidi. Anayepika vyakula vya chumvi nyingi kila siku atapata faida ya kweli kwa kununua hicho.

Kabla ya kulaumu sufuria kwa kutu, angalia ulichosugulia. Nyuzi za chuma cha kawaida huacha vipande vidogo vilivyonasa katika mikwaruzo ya stenlesi, na kesho yake vipande hivyo hushika kutu. Kutu hiyo ni ya nyuzi. Inatoka kwa unga laini wa kusugulia na kitambaa, lakini ikiachwa ikae inaufunika uso na kuunyima oksijeni, na hapo sufuria yenyewe huanza kuumia.

Visu vina kisa chao. Kisu kinahitaji kaboni ili kiwe kigumu na kishike makali, na kaboni hupenda kushikamana na kromi. Kromi iliyoshikwa na kaboni haijengi utando. Kwa hiyo kisu kilekile kinachoitwa cha stenlesi hushika madoa ya kutu kikiachwa majini, wakati kijiko kilichokuwa nacho bakulini hakina doa. Tatizo la aina hiyo hutokea pia pale mdomo wa birika au mkono wa sufuria ulipochomelewa: chuma kikikaa muda katika joto la kati ya nyuzi 450 na 850 za Selsiasi, kaboni na kromi huungana kwenye mipaka ya chembechembe za metali, na ukanda mwembamba kando ya mchomeleo hubaki bila kinga. Ukiona mstari wa kutu unaofuata mchomeleo, sababu imo katika utengenezaji. Viwanda makini hutumia chuma chenye kaboni kidogo sana ili kuliepuka hilo.

Rangi za upinde wa mvua zinazotokea sufuria ikikauka motoni ni utando ule ule ulioongezeka unene kidogo na kuucheza mwanga. Vumbi jeupe linalobaki maji yakikauka ni chokaa ya maji. Yote mawili hutoka kwa siki, na hayana madhara.

Alumini inapokubali kushindwa

Utando wa alumini hutulia katika maji ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni kati ya 4 na 8.5 hivi. Nje ya mipaka hiyo huyeyuka, upande wa asidi na upande wa alkali pia. Hili ni jambo ambalo watu hulisahau: wanaiogopa limau na kuziamini sabuni. Unga wa mashine ya kuoshea vyombo una alkali kali, na sufuria ya alumini isiyotibiwa hutoka humo imefifia na kuchafua mikono. Majivu yaliyoloweshwa nayo ni alkali.

Weusi unaotokea ndani ya sufuria ya alumini iliyochemshiwa maji hautokani na uchafu wala sumu. Oksidi imenenepa na kushika madini ya maji yenye alkali kidogo. Ukipika humo kitu chenye asidi, weusi hutoweka na sufuria hung'aa. Umekwenda wapi? Umeingia katika chakula. Kiasi ni kidogo, na mwili wenye figo nzima hutoa sehemu kubwa ya alumini inayoliwa. Kamati ya pamoja ya wataalamu ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) iliweka mwaka 2011 kikomo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kutoka vyakula vyote. Ninachoshauri ni kwamba vyakula vya asidi vinavyochemka muda mrefu, au vitakavyolala ndani ya chombo, vipate sufuria nyingine. Alumini iliyotiwa oksidi nene kiwandani kwa umeme, yenye uso wa kijivu mgumu, haina shida hiyo mpaka uso huo uchakae.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi halionekani kwa macho. Sufuria zilizosubiwa kwa metali chakavu zilizochanganywa bila kupimwa zinaweza kuwa na risasi ndani yake, ile metali nzito yenye sumu, na vipimo vilivyofanywa katika nchi kadhaa vimeikuta. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Sufuria ya namna hii yaweza kung'aa kuliko nyingine zote. Ikiwa asili ya metali haijulikani, usipikie humo chakula cha mtoto.

Kisha kuna ugomvi wa metali mbili. Funika bakuli la stenlesi lenye chakula cha chumvi na asidi kwa karatasi ya alumini iliyogusa chakula na ukingo wa bakuli. Baada ya siku moja utakuta matundu kwenye karatasi na madoa ya kijivu juu ya chakula. Umetengeneza betri. Alumini huachia elektroni, stenlesi hupokea, mchuzi hufunga mzunguko, na alumini huliwa kwa kasi ambayo isingekuwa nayo peke yake. Mambo hayohayo hutokea polepole mahali ambapo ribiti au skrubu ya chuma imepita katika sufuria ya alumini. Alumini inayozunguka ribiti hulika, tundu hupanuka, mkono hulegea. Watu hukaza skrubu mwaka hadi mwaka bila kujua kwamba kinachopungua ni ukuta wa sufuria.

Shaba nyekundu haina haja ya maneno mengi. Hupitisha joto vizuri kuliko metali zote za jikoni, lakini asidi pamoja na hewa huitoa ndani ya chakula na kuleta kichefuchefu. Ndiyo sababu hutandikwa stani au stenlesi ndani. Stani huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, kwa hiyo sufuria ya shaba iliyotandikwa stani haiachwi tupu motoni, na ikianza kuonyesha wekundu ndani hupelekwa kwa fundi. Ndoo na karai zilizopakwa zinki si vyombo vya kupikia wala kuhifadhia vitu vya asidi: zinki huyeyuka upesi na kuwatapisha watu. Vyombo vya enameli ni chuma kilichovaa kioo, na kioo kikibanduka, chuma cha chini huoza kama chuma kingine chochote, huku vipande vikali vikiweza kuingia kwenye chakula.

Nyufa: metali inapovutwa

Metali haipasuki kwa sababu imezeeka. Hupasuka kwa sababu kuna nguvu inayoivuta pande mbili na mahali padogo pa kuanzia. Nguvu hiyo mara nyingi hutoka kwenye joto.

Chukua kikaango cha chuma cha kusubu, kile kizito cheusi, kikiwa na joto la nyuzi 200. Kimwagie maji baridi. Uso unataka kusinyaa. Kiini bado kimepanuka na kinaukatalia. Chuma hiki hubadilika urefu kwa takriban sehemu 11 za milioni kwa kila nyuzi moja. Tofauti ya nyuzi 150 kati ya uso na kiini inazaa mkazo wa takriban megapaskali 220 (megapaskali ni kipimo cha mkazo). Chuma cha kusubu cha kawaida hukatika kikivutwa kwa megapaskali 150 hadi 250 hivi. Kwa kweli uso haupoi wote kwa mara moja, na mara nyingi mkazo halisi ni mdogo kuliko huo, ila hesabu inaonyesha jinsi tulivyo karibu na ukingo kila tunapofanya hivyo. Kuna vikaango vilivyomwagiwa mara nyingi bila kupasuka. Huenda havikuwa na ufa wa kutosha wa kuanzia.

Na chuma cha kusubu kina mianzo mingi ndani yake. Kaboni yake ni asilimia 2 hadi 4, na sehemu kubwa imekaa kama vibamba vya grafiti vyenye ncha kali. Mwaka uleule wa 1913 ambapo Brearley alisubu chuma chake, mhandisi C. E. Inglis alionyesha kwa hesabu jinsi uwazi katika bamba unavyokusanya mkazo kwenye ncha zake. Tundu la duara huzidisha mkazo mara 3 ukingoni. Uwazi wa umbo la yai ambao urefu wake ni mara 10 ya upana huuzidisha mara 21. Kadiri ncha inavyokuwa kali ndivyo mkazo unavyopanda, na ufa una ncha kali kuliko vyote. Kwa hiyo ufa mdogo haukai mdogo; urefu wake wenyewe ndio unaoupa nguvu ya kuendelea.

Mbona basi sufuria nyembamba ya alumini ikimwagiwa maji haipasuki? Kwanza, hupitisha joto mara nne au tano zaidi ya chuma cha kusubu, hivyo tofauti ya joto ndani yake haikai. Pili, ni laini: ikivutwa kupita kiasi hunyumbuka na kubaki hivyo. Hulipa kwa kupinda, na utaiona ikitikisika juu ya jiko. Stenlesi pia hupinda, kwa sababu nyingine: hupitisha joto vibaya mno, kwa hiyo katikati huwa moto na kingo baridi. Ndiyo maana sufuria nzuri za stenlesi huwekewa bamba la alumini au shaba chini. Maungio hayo nayo yana uchovu wake: alumini hupanuka sehemu 23 za milioni kwa nyuzi moja, stenlesi ya 18/10 kama 17, na kila kupika ni kuvutana. Moto mkali juu ya sufuria tupu ndio unaoyafungua.

Uchovu wa metali ni halisi, na mwenye subira ya kuupima alikuwa mhandisi August Wöhler, aliyechunguza ekseli za mabehewa ya reli katika karne ya 19. Alionyesha kwamba mkazo usioweza kuvunja kitu kwa mara moja unaweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi vya kutosha. Mkono wa sufuria hupitia hayo kila inapoinuliwa ikiwa imejaa. Ufa wa uchovu huanzia karibu kila mara kwenye tundu la ribiti, au pale mkono ulipochomelewa, na kwa muda mrefu huwa mfupi kiasi cha kufichwa na masizi.

Pale kutu na ufa vinapokutana

Aina ya tatu ya nyufa ni ile inayowashangaza hata mafundi. Katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India liliona maganda ya risasi za bunduki yaliyotengenezwa kwa shaba ya njano yakipasuka yenyewe ghalani, hasa majira ya mvua. Hakuna aliyeyapiga, na hayakuwa yamelika. Maelezo kamili yalitolewa mwaka 1921: maganda yalikuwa yamevutwa umbo yakiwa baridi, kwa hiyo yalibaki na mkazo ndani yake, na amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi katika mazizi ya jirani, pamoja na unyevu, ilipenya kwenye mipaka ya chembechembe za metali na kuzitenganisha. Dawa ilikuwa kuyapasha maganda moto wa wastani ili mkazo ulegee.

Kisa hicho kinatuhusu kwa sababu ganda la risasi na sufuria hutengenezwa kwa njia moja: bamba husukumwa ndani ya kalibu mpaka liwe kikombe. Mkazo hubaki kwenye mdomo, kwenye kona ya kitako, na palipokunjwa. Stenlesi ya 18/10 hupasuka kwa namna hii kukiwa na kloridi na joto linalozidi takriban nyuzi 60, na jikoni vyote viwili vipo. Mahali pake ni pale maji yanapokauka na kurudi tena na tena, kama mstari wa maji katika birika au chini ya ukingo uliokunjwa, maana chumvi hujikusanya hapo. Ufa huwa mwembamba kama unywele na hujigawa matawi kama mzizi. Ukuta haujapungua unene, kwa hiyo kuutazama tu hakutoshi. Dalili ya kwanza ni tone moja chini ya chombo kinachoonekana kizima.

Katika sufuria ya kawaida hilo ni tone. Katika sufuria ya presha ni jambo lingine kabisa. Ndani yake shinikizo hufikia takriban bari 1 zaidi ya hewa ya nje, na maji huchemka karibu nyuzi 120. Mfuniko wa kipenyo cha sentimita 22 una eneo la karibu sentimita za mraba 380, kwa hiyo mvuke unausukuma juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 380. Uzito huo wote unabebwa na masikio madogo yanayofunga mfuniko, ambayo kila mara huvutwa na kuachiliwa, hulowa mchuzi wa chumvi, na mara nyingi hayaoshwi vizuri. Mvumbuzi Denis Papin, aliyetengeneza chombo cha namna hii mwaka 1679, alikiongezea vali ya usalama kwa kujua anachokikabili. Vali hutoa mvuke uliozidi. Haiwezi kushika sikio lililokatika.

Kwa hiyo masikio hayo, matundu ya ribiti na vitako vya vyombo vizito vichunguzwe, na njia nzuri ni ile waliyotumia mafundi wa reli zamani. Osha chombo, ondoa masizi, kikaushe kabisa kwa moto mdogo. Kikipoa kiasi cha kushikika, paka mafuta ya kupikia mahali unapopashuku na uyaache nusu saa yapenye. Yafute kabisa mpaka kitambaa kitoke kikavu, kisha nyunyizia unga laini wa chaki au wa ngano na ungoje. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hurudi juu na kuulowesha unga, na mstari mweusi hujichora. Mkwaruzo wa kawaida huacha doa fupi linaloisha. Ufa huendelea kutoa. Kikaango cha kusubu kinaweza pia kuninginizwa na kugongwa kwa kijiko cha mbao: kizima hulia kwa mlio mrefu, chenye ufa hutoa sauti butu inayokatika.

Mstari ukitokea kwenye sikio au ukuta wa sufuria ya presha, chombo hicho hakipaswi kupata moto tena. Kukichomelea hakufai, maana joto la mchomeleo huacha mkazo mpya pale pale na kubadilisha metali iliyo kando. Ukitokea kwenye kikaango cha kusubu, kuchomelea kunawezekana kwa fundi mwenye waya wa nikeli na tanuri la kukipasha kwanza, lakini gharama yake mara nyingi huzidi kikaango kipya, na kikiachwa hivyo kinaweza kufunguka kikiwa na mafuta ya moto ndani. Ukitokea kwenye tundu la ribiti la mkono wa sufuria ya kawaida, ondoa mkono, na sufuria ibaki ya kuhifadhia nafaka kavu.